Baraza, Ngazi na Nauli: Maswali na Majibu kuhusu Wazee na Mahali Wanapoishi

Maswali haya ni ya marudio kwa wanafunzi wa ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii na uuguzi. Hayafuati mpangilio wa kitabu. Mengine yana majibu marefu kwa kuwa ndiko watahiniwa wanakoangukia. Mengine yanatosheka na sentensi chache. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: mzee akiacha kuonekana mtaani, usianze kuchunguza umri wake. Chunguza kwanza njia anayopita kutoka kitandani hadi kule anakotaka kwenda.

Swali la 1. Eleza maana ya ushiriki wa kijamii wa wazee.

Ni mambo yote ambayo mzee anayafanya pamoja na wengine au kwa ajili ya wengine: kwenda msibani, kucheza bao, kuimba kwaya, kukaa kikao cha mtaa, kumshikia jirani mtoto, kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea.

Angalia usichanganye ushiriki na kutembelewa. Mzee anayeletewa wajukuu kila Jumapili lakini yeye mwenyewe hatoki, ana wageni. Ushiriki wake bado ni mdogo.

Swali la 2. Linganisha nadharia ya kujitenga, nadharia ya shughuli na nadharia ya mwendelezo.

Elaine Cumming na William Henry, mwaka 1961, walitumia utafiti uliofanywa Kansas City, Marekani, kudai kwamba mzee na jamii huachana taratibu, kila upande ukiwa radhi, na kwamba kuachana huko ni kwa kawaida na kuna faida. Robert Havighurst, aliyeshiriki utafiti wa Kansas City hiyohiyo, aliona mambo kwa upande mwingine: anayezeeka vizuri ni yule anayeendelea na shughuli zake, au anayepata nyingine badala ya zilizomtoka. Robert Atchley, mwaka 1989, akaongeza kwamba watu huzeeka wakishikilia mazoea yao. Aliyekuwa mpenda watu akiwa na miaka 40 atawatafuta watu akiwa na miaka 80.

Ukiishia hapo umekariri vizuri. Alama za juu zinataka uone kilichokosekana. Nadharia zote tatu zinamtazama mtu na jamii yake kwa jumla, lakini haziulizi sana kama kuna taa njiani. Chukua mfano wa mzee aliyeacha kwenda sala ya alfajiri. Mfuasi wa Cumming na Henry atasema anajitenga. Mfuasi wa Havighurst atamhimiza aongeze bidii. Kumbe kampuni ya maji ilichimba mtaro mbele ya nyumba yake, ikaondoka bila kuufukia.

Swali la 3. Fafanua modeli ya Lawton na Nahemow (1973) na utaje udhaifu wake.

Hili ndilo swali la msingi wa somo zima, kwa hiyo tulia nalo.

M. Powell Lawton na Lucille Nahemow walipima vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni uwezo wa mtu: miguu, macho, masikio, kumbukumbu. Cha pili ni madai ya mahali, yaani nguvu na akili ambazo mahali panamdai mtu ili apite, asikie, afike. Madai yakizidi uwezo, mtu hushindwa na kujifungia ndani. Watahiniwa wengi huishia hapo, wakapata nusu ya alama.

Nusu iliyobaki iko upande wa pili wa mchoro. Madai yakiwa madogo mno, mtu pia hudhoofika. Huyu tunamfahamu wote: mama aliyeletwa mjini na watoto wanaompenda, akakatazwa kufagia, kupika, kwenda sokoni, hata kukunja nguo zake. Kila akiinuka anaambiwa, "Mama, pumzika tu." Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, mama huyu anaingia mwaka wa tatu bado ni mgeni. Mikono inasahau kazi, mazungumzo yanakosa mada, na mtu aliyekuwa akiendesha boma anakuwa mtazamaji wa televisheni.

Ongeza hapa hoja ambayo Lawton aliitoa mwaka 1968 akiwa na Bonnie Simon: kadiri uwezo wa mtu unavyopungua, ndivyo mahali panavyozidi kumtawala. Mtaro niliousema kwenye swali lililopita, kijana anauruka akiwa anaongea na simu. Mzee mwenye goti bovu, mtaro huohuo unamuamulia asali wapi, anunue mkate kwa nani, na ajue habari za mtaa kutoka kwa nani. Faida yake ni kwamba hesabu hii inafanya kazi pande zote mbili. Marekebisho madogo, ambayo kijana hata hayaoni, yanaweza kumrudishia mzee dhaifu sehemu kubwa ya maisha yake. Ubao mmoja juu ya mtaro unatosha kumrudisha msikitini, na msikitini ndiko wenzake waliko.

Udhaifu: modeli inamfanya mzee aonekane kama mtu anayepokea tu kile ambacho mahali panampa. Wazee nao hupabadilisha mahali. Humwomba mwenye duka aweke kiti nje, hubadili saa ya kwenda sokoni, humtuma mtoto akaangalie kama barabara imekauka. Lawton mwenyewe baadaye aliliongeza hilo katika maandishi yake.

Swali la 4. Kwa kutumia mfano wa baraza la pwani, onyesha jinsi jengo linavyoweza kuzalisha mazungumzo.

Baraza la Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa ni benchi la mawe na chokaa lililojengwa likiwa limeshikana na ukuta wa mbele wa nyumba, likitazama uchochoro. Mtahiniwa asiseme tu kwamba "linaleta umoja". Aeleze linavyofanya kazi.

Kwanza, halina mwaliko wala kiingilio. Mzee hahitaji kupiga hodi wala kuwa na sababu ya kuja. Anaketi, na kuketi kwenyewe kunatosha. Pili, liko kwenye kimo cha kukalia na lina ukuta wa kuegemea, jambo dogo kwa mwenye miaka 30 na kubwa kwa mwenye miaka 75. Tatu, uchochoro ni mwembamba, kwa hiyo anayepita hupita karibu kiasi kwamba asiposalimia ataonekana hana adabu. Salamu ndiyo inayofungua habari: nani amefiwa, meli imeingia saa ngapi, bei ya mchele imefika wapi. Nne, kivuli huhama kutoka upande mmoja wa uchochoro hadi mwingine kadiri jua linavyosogea, na wazee huhama nacho. Tano, liko hatua chache kutoka nyumbani na msikitini, hivyo safari ya sala na safari ya gumzo ni safari moja. Juu ya hayo kuna muuza kahawa na dele lake, anayewapa watu kisingizio cha kukaa nusu saa zaidi.

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, utakuta kahawa, dhumna na siasa kwa pamoja. Kai Kresse, mwanaanthropolojia aliyeandika mwaka 2007 kuhusu wanafikra wa Mombasa, alikuta barazani ni mahali pa mijadala mizito ya dini na siasa. Mzee pale ni mtu wa hoja, anaulizwa na anapingwa. Ray Oldenburg, Mmarekani, aliziita sehemu za aina hii "mahali pa tatu" katika kitabu chake cha 1989: pale ambapo si nyumbani wala kazini.

Sasa geuza upande. Baada ya Mapinduzi ya 1964, maghorofa marefu ya Michenzani yalijengwa kule Ng'ambo kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Yaliwapa watu nyumba imara zenye maji na umeme, na heshima hiyo isipunguzwe. Lakini mlango wa nyumba ulihama kutoka kwenye njia ya watu ukaenda kwenye ngazi. Mzee wa ghorofa ya juu akitaka kusikia habari inambidi kwanza aamue kushuka, na kila anaposhuka anajua kuna kupanda. Barazani mtu alishiriki kwa kukaa mlangoni pake. Ghorofani anashiriki kwa kufunga safari.

Tahadhari kwa anayetaka kuhitimisha kwamba suluhisho ni kujenga mabenchi: tangu Mji Mkongwe uingizwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mawe yamelindwa, lakini nyumba nyingi zimegeuka hoteli na maduka ya watalii, na familia zimehamia mitaa ya nje. Kuna mabaraza yaliyokarabatiwa vizuri sana ambayo hakuna babu anayeyakalia.

Swali la 5. "Baraza ni mahali pa wazee." Jadili.

Ni mahali pa wazee wanaume. Swali hili huwekwa makusudi kuona nani atakumbuka nusu nyingine ya wazee.

Wanawake wa pwani wana mahali pao, ambapo mtafiti anayezunguka mitaani hapaoni: uani, jikoni kwenye shughuli, chumbani kwa mzazi aliyejifungua, kwenye hitima na maulidi ya wanawake, kwenye maandalizi ya harusi ambako somo na kungwi wana kazi isiyoweza kufanywa na kijana. Bara utawakuta kwenye vikoba, kwenye jumuiya ndogondogo za Kanisa Katoliki, kisimani, shambani kwa zamu. Sehemu hizi zina tabia moja inayozitofautisha na baraza: mtu huenda akiwa na la kufanya. Hakuna anayekwenda uani kwa jirani kukaa tu. Anachambua mchele, anasuka ukili, anapepeta.

Kwa hiyo vitu tofauti vinawatenga. Mzee wa kiume hutengwa pale mahali pake pa kukaa panapopotea. Bibi hutengwa pale kazi yake inapochukuliwa: harusi ikihamia ukumbini na chakula kikiletwa na mpishi wa kukodi, zile siku tatu za kuchambua na kukuna nazi zinatoweka, na bibi anaalikwa kuja saa mbili usiku, akae kwenye kiti cha plastiki, kwenye muziki unaomzidi masikio. Kwenye orodha ya waalikwa yumo, ila kazini hayumo tena.

Swali la 6. Taja maeneo manane ya mji unaowafaa wazee.

Shirika la Afya Duniani liliyataja katika mwongozo wake wa 2007, uliotokana na mahojiano katika miji 33 ya nchi 22, Nairobi ikiwemo: maeneo ya nje na majengo, usafiri, makazi, ushiriki wa kijamii, heshima na kujumuishwa, ushiriki wa kiraia na ajira, mawasiliano na habari, huduma za jamii na afya. Kariri, uandike, uendelee na swali jingine.

Swali la 7. Jadili usafiri na vyoo vya umma kama vikwazo vya ushiriki.

Daladala ina ngazi ndefu ya kwanza, kondakta anayesema "twende, twende" kabla mguu wa pili haujaingia, na viti vilivyojaa. Mzee anaweza kuhimili kimojawapo. Vyote vitatu kwa pamoja vinamfanya aahirishe, na aliyeahirisha mara nne hualikwa mara chache. Mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2016, una jukwaa la kituo lililoinuliwa lilingane na sakafu ya basi. Hilo peke yake ni msaada mkubwa kwa mwenye mkongojo. Kugombania mlango saa kumi na mbili asubuhi ni habari nyingine.

Kuhusu vyoo: usione haya kuandika. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba huanza kupanga safari kwa kuuliza choo kiko wapi. Mwanamke mwenye kisukari hali kadhalika. Kikao cha kijiji kikifanyika chini ya mwembe usio na choo karibu, kuna wazee watakaokunywa nusu kikombe cha chai tangu asubuhi ili waweze kuhudhuria, na wengine watakaosema miguu inauma. Hawatasema sababu yenyewe, na mtafiti asiyewaheshimu hataisikia.

Swali la 8. Tofautisha kuishi peke yake na upweke.

Kuishi peke yake ni hesabu ya watu ndani ya nyumba. Upweke ni hisia ya kupungukiwa na watu ambao mtu angetaka kuwa nao. Mtu anaweza kuwa mpweke katika nyumba yenye watu tisa, hasa ikiwa wote tisa wana simu zao.

Swali la 9. Eleza joto la Chicago la Julai 1995 linatufundisha nini kuhusu mahali na wazee.

Katikati ya Julai 1995 joto la Chicago, Marekani, lilipanda hadi takribani nyuzi 41 za Selsiasi. Watu zaidi ya 700 walikufa kuliko ambavyo kungetarajiwa kwa kipindi kama hicho; hesabu inayotajwa sana ni 739. Wengi walikuwa wazee, na wengi walikutwa peke yao vyumbani, madirisha yakiwa yamefungwa.

Mwanasosholojia Eric Klinenberg, katika kitabu chake cha 2002, alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale, ambayo wenyeji huiita Little Village. Yote miwili ilikuwa na maskini wengi na wazee wengi wanaoishi peke yao. Hali ya hewa ilikuwa moja. Hata hivyo kiwango cha vifo cha North Lawndale kilikuwa karibu mara kumi ya kile cha jirani yake.

Tofauti aliiona barabarani. North Lawndale, mtaa wa Wamarekani Weusi, ulikuwa umepoteza viwanda vyake vikubwa, kisha maduka, kisha wakazi. Viwanja vilibaki vitupu, nyumba zikabomoka, biashara ya dawa za kulevya ikashika kona. Mzee aliyefungua mlango hakuwa na pa kwenda wala sababu ya kwenda, na alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Little Village, yenye wahamiaji wengi kutoka Mexico, ilikuwa na Barabara ya 26 iliyojaa maduka, wachuuzi, watoto na watu wa kila rika. Mzee alitoka kununua nyanya, akaingia kwenye duka lenye kiyoyozi, na muuzaji akajua kwamba leo ametoka. Hata wazee wa Kizungu waliosalia hapo, wasiozungumza Kihispania, walinufaika na barabara hiyo.

Usiandike kwamba "Walatino wanawapenda wazee wao zaidi". Hicho ndicho Klinenberg alichokipinga. Hoja yake ni kwamba upendo nao unahitaji barabara ya kupitia: mila za kuwaheshimu wazee hazikuwa na mahali pa kuonekana katika mtaa ambao watu wanaogopa kutoka.

Swali la 10. Hofu inawezaje kuufanya mtaa au kijiji kuwa gereza kwa mzee? Tumia mifano ya Afrika Mashariki.

Korogocho, Nairobi, ni makazi ya mabanda ambayo wakazi wake wengi wameishi humo muda mrefu, tofauti na Viwandani, karibu na eneo la viwanda, ambako vijana huja kutafuta kazi na kuhama. Mtu angedhani kukaa muda mrefu kunatosha kumpa bibi usalama, kwa kuwa anajulikana. Lakini wanawake wazee wa Korogocho wamekuwa wakivamiwa na kubakwa, na baadhi yao wakaanza kujifunza mbinu za kujihami kwa mikono na fimbo. Tazama mambo mawili hapo. Giza na njia nyembamba ziliwafungia ndani. Mazoezi, mbali na kuwafundisha kupiga, yaliwapa siku ya kukutana.

Usukumani, mikoa ya Shinyanga na Mwanza, hofu ilikaa upande wa pili: kijiji kiliogopa bibi. Wanawake wazee waliopika maisha yao yote kwa kuni na samadi kavu ndani ya vibanda visivyo na dirisha walipata macho mekundu, na macho mekundu yakachukuliwa kuwa alama ya uchawi. Wengi wameuawa. Mashirika yanayowatetea wazee yalipogawa majiko sanifu yenye moshi mdogo, pamoja na kuelimisha wanavijiji, yalikuwa yakirekebisha mazingira kwa maana kamili ya neno hilo. Moshi wa jikoni uliingia kwenye siasa ya kijiji. Mtahiniwa anayeweza kuufuata moshi huo kutoka mafiga hadi kwenye tuhuma ameelewa somo.

Swali la 11. Je, pensheni ni sehemu ya mazingira?

Ndiyo, kwa sababu katika jamii zetu kushiriki kuna gharama. Msiba una mchango, harusi ina kadi, kikundi kina hisa, kanisa lina sadaka. Mzee asiye na kitu huona aibu kwenda mikono mitupu, huanza kutuma udhuru, na asiyekuwapo na lake halipo.

Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama waliwahi kuajiriwa. Kiwango kiliongezwa baadaye. Kenya, chini ya Inua Jamii, iliwafungulia mlango wazee wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2018, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kule Nshamba, wilaya ya Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo wazee waliokuwa wakilea wajukuu yatima, na likawaunganisha katika vikundi vya kusaidiana. Fedha hizo ni kidogo. Ila zinamwezesha mtu kutoa shilingi 1,000 ya rambirambi mbele ya watu.

Swali la 12. Toa mfano wa mpango uliomweka mzee kuwa mtoaji wa huduma.

Benchi la Urafiki, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Zahanati hazikuwa na vyumba vya ziada, basi wakaketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje, wakiwasikiliza na kuwasaidia kupanga namna ya kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba waliohudumiwa kwa njia hiyo walikuwa na dalili chache za msongo na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango umeigwa kwingine, Zanzibar ikiwemo.

Mgonjwa ndiye anayetajwa zaidi kila mpango huu unapozungumzwa. Kwa swali hili, mtazame bibi: ana mahali, ana siku, ana kazi, na vijana wanamfuata.

Swali la 13. Je, ni sahihi kusema mazingira ndiyo yanayoamua ushiriki wa mzee?

Hapana, na hapa ndipo mwanafunzi mahiri anapojitenga na wengine.

Kwanza, kuna suala la nani alianza. Tukikuta wazee wa mtaa wenye bustani wanashiriki zaidi, huenda bustani imewatoa nje. Huenda pia wenye nguvu na fedha ndio waliohamia kwenye bustani. Kupima mara moja hakutatui jambo hilo. Inabidi kuwafuata watu kwa miaka.

Pili, takwimu za mtaa si habari za mtu. Mitchell Duneier alimkosoa Klinenberg mwaka 2006 kwa hoja hiyo: kuonyesha kwamba mtaa una maduka machache na vifo vingi hakuthibitishi kwamba waliokufa, mmoja mmoja, walikufa kwa sababu ya barabara tupu. Ingebidi kuwajua wafu wenyewe na jinsi walivyoishi. Sidhani ukosoaji huo unaiangusha hoja ya Klinenberg, lakini unaipunguzia uhakika, na jibu lako lionyeshe hivyo.

Tatu, mahali pamoja huwafanyia watu tofauti mambo tofauti. Irving Rosow, alipowachunguza wazee wa nyumba za kupanga za Cleveland, Marekani (1967), aliona kwamba palipokuwa na wazee wengi jirani, urafiki uliongezeka, na waliotegemea zaidi majirani ni watu wa tabaka la wafanyakazi. Wenye uwezo zaidi walikuwa na marafiki mbali na njia ya kuwafikia. Kwa hiyo mtaa mbaya unamuumiza zaidi yule asiye na gari wala fedha ya kuutoroka.

Swali la 14 (la lazima, alama 20). Mama mjane wa miaka 72 amehamishwa na mwanawe kutoka kijijini Muheza hadi nyumba ya ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam. Baada ya miezi minane mwanawe anamwambia ofisa ustawi wa jamii: "Mama amebadilika, siku hizi hataki watu." Andika tathmini na mapendekezo.

Anza kwa kwenda kwa mama mwenyewe. Msalimie shikamoo, kaa naye bila mwanawe, uulize siku yake ya Muheza ilikuwaje kuanzia alfajiri. Pengine utasikia kuhusu shamba la michungwa, kikundi cha wanawake, genge la nyanya barazani, wagonjwa aliokuwa akiwatembelea. Andika kila jambo na uulize sasa linafanyika wapi. Orodha hiyo ya vilivyopotea ina alama tano.

Kisha pima mahali. Lifti ipo, na inafanya kazi? Kuna ngazi ngapi, na mkono wa kushikia? Geti lina mlinzi anayemjua au anayemhoji? Upanga ni mtaa wa kuta ndefu. Umbali hadi msikiti au kanisa, duka, na kiti cha kwanza cha kupumzikia ni upi? Ana ufunguo wake? Ana fedha yake ya bajaji na vocha, au lazima aombe? Anajua jina la mjumbe? Msiba ukitokea jengo la jirani, nani atampa habari? Alama saba.

Mapendekezo yaanze na yanayowezekana wiki hii: ufunguo, kiasi chake cha fedha kila wiki, kumtambulisha mwenyewe kwa majirani wa ngazi moja na kwa jumuiya ya ibada, na kumwachia jiko siku mbili kwa wiki. Yafuate ya miezi: kutafuta nyumba ya chini, au kumrudisha Muheza kwa msimu wa mavuno akiwa na nauli ya kurudi mkononi, aamue mwenyewe. Alama tano.

Alama tatu za mwisho ni za ufuatiliaji. Baada ya miezi mitatu uliza ametoka mara ngapi kwa hiari yake, na ni watu wangapi nje ya familia wanaomjua kwa jina. Chunguza pia afya: kusikia, macho, maumivu, dalili za sonona, kwa sababu pengine mwanawe yuko sahihi kwamba kuna kilichobadilika mwilini. Lakini mtahiniwa anayeandika "apewe ushauri nasaha" kuwa hatua ya kwanza, kabla hajauliza kuhusu lifti, hapewi zaidi ya alama nane.